Chopa ya Kahama: kutoka baiskeli ya pamba hadi pikipiki ya dhahabu

Kuna swali moja ambalo ukimuuliza mzee yeyote wa Usukumani atakupa historia nzima ya kanda hii bila kufungua kitabu. Muulize hivi: "Enzi zenu mtu mwenye pesa alikuwa anapanda nini?" Halafu kaa chini, agiza soda mbili, msikilize. Atakutajia baiskeli, kisha pikipiki ya mradi, kisha pikipiki ya mnunuzi wa dhahabu, na mwisho atanyoosha kidole kwenye kijiwe cha bodaboda na kutikisa kichwa. Kila chombo kina zao lake, kila zao lina watu wake waliokula na wengine waliobaki wanatazama vumbi.

Nimeanza kuliuliza swali hilo kwa sababu ya maslahi yangu binafsi, sitaki kuwaficha. Kuna pikipiki inauzwa Kahama. Ni Yamaha Virago, cc 249, ile aina ya chini, kiti kimelala, usukani umeinuka kama pembe za ng'ombe wa Kinyankole, unakaa umenyoosha miguu mbele kama mtu aliye kibarazani kwake. Vijana wa hapa wanaiita chopa. Rangi nyekundu iliyoiva, imepauka kidogo kwenye tenki. Bei aliyotaja mwenyewe ni milioni nne. Kwa mshahara wa mwandishi wa gazeti wa mkoani, milioni nne ni kitu cha kukaa na kutafakari, si kitu cha kushabikia. Hiyo ni akiba yangu ya miaka miwili, pamoja na posho za semina ambazo wenzangu wanazijua.

Sasa mimi nimesoma historia kidogo pale Mlimani, na hiyo ni ugonjwa usiopona. Mwenzangu akiona pikipiki anauliza inakula mafuta kiasi gani. Mimi nauliza: imefikaje hapa? Na hapa ndipo ilipo ladha ya habari yenyewe. Twende pamoja.

Tuanze na magurudumu mawili yasiyo na injini. Reli ya kutoka Tabora ilipita Shinyanga na kufika Mwanza mwaka 1928. Ndiyo iliyobeba pamba kwenda pwani, na ikirudi ilileta vitu vya dukani, baiskeli zikiwemo. Raleigh ya Kiingereza ndiyo iliyokuwa Mercedes ya wakati huo. Mkulima akiuza pamba vizuri misimu miwili, ng'ombe wake wakiwa salama, alikuwa anaingia kwa Mhindi mjini na kutoka akiwa anasukuma baiskeli mpya. Naam, anasukuma! Wengine hawakuipanda siku ya kwanza, waliitembeza kijijini kwanza watu waione.

Pamba hiyo ilikuwa na siasa ndani yake. Wakulima walikuwa wanaibiwa kwenye mizani, wakaanza kujipanga. Ndipo akaibuka Paul Bomani, na mwaka 1955 vikaunganishwa vyama vya ushirika vya kanda ya ziwa kuwa shirikisho kubwa, Victoria Federation. Kwa hiyo ile baiskeli iliyosimama nje ya nyumba ya udongo mwishoni mwa miaka ya 1950 haikuwa mapambo tu. Ilikuwa ushahidi kwamba mwenye nyumba alilipwa kilo zake zikiwa kamili, au angalau karibu na kamili.

Baadaye ikaja Phoenix kutoka China, na Swala iliyotengenezwa hapa hapa Tanzania. Shinyanga ikawa nchi ya baiskeli, na mpaka leo sifa hiyo haijafutika. Ukishuka kwenye basi Shinyanga au Kahama unakuta baiskeli yenye kiti cha sponji nyuma, mwenyewe anakuita upande. Huku jina lake ni daladala. Mgeni kutoka Dar akiambiwa "panda daladala" anatafuta basi dogo, kumbe anaonyeshwa keria! Wenzetu wa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, walianza biashara kama hiyo miaka ya 1960, wakivusha watu toka kituo kimoja cha mpaka hadi kingine, na hapo ndipo lilipotoka neno bodaboda. Kwa hiyo neno hilo lilianzia kwenye baiskeli kabla halijahamia kwenye pikipiki. Wengi wetu hatulijui hili.

Pikipiki yenyewe iliingia nchi hii kwa mlango wa vita. Mwaka 1916 jeshi la Waingereza lilipokuwa likiwafukuza Wajerumani, kulikuwa na kikosi cha wapanda pikipiki kutoka Afrika Kusini. Vita ilipokwisha chombo kikabaki mikononi mwa watu wa aina tatu: afisa wa serikali ya mkoloni, padri au mmisionari, na mtu wa machimbo. Wazee wengine waliiita tukutuku, wengine pikipiki, na majina yote mawili ni mlio wake tu. Kitu usichoweza kukimiliki unakipa jina la sauti yake kikiwa kinakupita.

Mtu wa machimbo ndiye anayetuhusu. Dhahabu ya Geita Wajerumani waliikuta mwaka 1898, lakini mgodi mkubwa ulikuja miaka ya 1930 chini ya Waingereza, ukachimba mpaka 1966 ukafungwa. Katika miaka yake ulikuwa mgodi mkubwa kuliko yote ya dhahabu Afrika Mashariki. Upande wa Shinyanga, mwaka 1940 Mkanada John Williamson, mtaalamu wa miamba, aligundua almasi pale Mwadui. Almasi ya pinki iliyopatikana mwaka 1947 akampa zawadi ya harusi Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza, ambaye baadaye alikuwa Malkia. Williamson akafariki 1958, mgodi ukachukuliwa na De Beers pamoja na serikali, nusu kwa nusu.

Angalia jambo hili la ajabu. Kwa miongo mitatu kanda hii ilitoa almasi na dhahabu, lakini kilichompa mwananchi wa kawaida chombo cha kupanda kilikuwa pamba. Madini yalipita juu kwa juu. Pamba ilipita mkononi mwake, na senti zake chache zikabaki. Nakuomba ulishike hilo, maana tutalihitaji mbele.

Likaja Azimio la Arusha, 1967. Biashara ya kuagiza bidhaa kutoka nje ikawekwa chini ya shirika la umma, STC, na baadaye kila mkoa ukapata kampuni yake ya biashara, ile iliyojulikana kama RTC. Wazee wakisikia herufi hizo tatu utaona nyuso zinavyobadilika. Wengine wanakumbuka heshima, wengine wanakumbuka foleni ya sabuni. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 fedha za kigeni zilikauka, na kupata tairi ya baiskeli tu ikawa kazi ya kumjua mtu. Pikipiki mpya ndiyo usiseme.

Katika ukame huo ikazaliwa pikipiki ya mradi. Hii ni sura ya historia ambayo sijaona mtu akiiandika na inanisikitisha. Bwana shamba, bwana mifugo, mtu wa chanjo, mtu wa maji, wote walihitaji kufika vijijini. Serikali na wafadhili wakaleta Honda XL, Yamaha DT, Suzuki za aina ile ile: ndefu, tumbo liko juu, tairi za meno. Namba zake ndizo zilikueleza ni za nani. STK ilikuwa ya serikali, SU ya shirika la umma, DFP ya mradi wa wafadhili. Watoto wa vijijini walizijua herufi hizo kabla hawajajua kusoma vizuri.

Mradi ukiisha, pikipiki zinapigwa mnada. Hapo ndipo mwalimu, mfanyabiashara wa ng'ombe au katibu kata mstaafu aliponunua pikipiki yake ya kwanza maishani, ikiwa imeshazeeka, lakini bado inavuka mto. Huo ndio mtumba wa kwanza wa pikipiki Usukumani. Mnunuzi hakuwa na la kuchagua, lakini kwa bahati nzuri alichopewa kilikuwa kinafaa, kwa sababu kilichaguliwa na mtu aliyeijua barabara ya Mwabuki hadi ndani huko masika yakiwa yamekolea.

Mwaka 1984 serikali ikaruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni bila kuulizwa sana wamezitoa wapi. Mwaka uliofuata akaingia Mzee Mwinyi, Mzee Ruksa, na milango ikafunguka. Huku kwetu jambo la pili lilikuwa na uzito uleule: mwaka 1990 Benki Kuu ilianza kununua dhahabu kutoka kwa wachimbaji wadogo kwa bei inayokaribia ya soko. Jiwe ambalo jana lilikuwa magendo likawa biashara ya mchana kweupe. Vijana wakaacha majembe ya pamba, ambayo bei yake ilikuwa imeshachoka, wakaenda Nyarugusu, Rwamgasa, Mgusu, Bulyanhulu. Vijiji vikageuka miji kwa miezi. Duara likitema, mtu aliyelala jana kwenye turubai leo anauliza bei ya pikipiki.

Ndipo Honda za wanunuzi wa dhahabu zilipoonekana. Ya mradi ilibeba chanjo, hii ilibeba mizani ndogo, zebaki na fedha taslimu. Bado zilikuwa pikipiki ndefu za vumbi, maana njia ya machimboni ni ile ile. Lakini sasa mwenyewe hakuwa na STK. Alikuwa mtu binafsi.

Wimbi hilo lilikatwa. Sheria ya Madini ya 1998 ilifungua nchi kwa kampuni kubwa, lakini hata kabla yake, Agosti 1996, wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu kwa amri ya serikali. Madai kwamba kuna waliofukiwa mashimoni yalizua mabishano ya miaka mingi. Serikali na kampuni zilikanusha. Ninachoweza kusema bila kubishana na mtu ni kwamba maelfu waliondoka pale na walichoweza kubeba, na wengi wao walihamia machimbo mengine ya kanda hii hii. Mgodi mkubwa wa Geita ukaanza kutoa dhahabu mwaka 2000, Bulyanhulu 2001, Buzwagi 2009 hadi ulipofungwa 2021. Kahama ikakua haraka kuliko ramani zake.

Sasa tuiache Geita kidogo twende mbali, maana chopa yangu haikuzaliwa hapa.

Mwaka 1903 vijana wa Milwaukee, Marekani, walianzisha Harley-Davidson. Nchi yao ni pana, barabara zao zikanyooka na kuwekwa lami, mtu anaweza kwenda siku nzima bila kupindisha usukani. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia askari waliorudi nyumbani walinunua pikipiki za jeshi kwa bei ya kutupa, wakazikata vyuma vya ziada, wakashusha viti, wakanyoosha uma za mbele. Kukata huko ndiko kulikoleta jina la chopa. Mwaka 1969 ikatoka filamu ya Easy Rider, na tangu hapo chombo kile kikawa picha ya uhuru duniani kote, hata kwa sisi ambao hatujawahi kuona barabara ya kilomita mia iliyonyooka.

Wajapani waliangalia wakaona hapa pana soko. Yamaha wakatoa Virago mwaka 1981, injini ya silinda mbili zilizokaa kama herufi V. Honda wakaja na Shadow mwaka 1983. Harley walikuwa hoi kibiashara, wakaenda kulia serikalini. Aprili 1983 Rais Reagan akapandisha ushuru wa pikipiki zinazotoka nje zenye injini zaidi ya cc 700, kutoka asilimia 4.4 hadi 49.4. Wajapani wakafanya nini? Wakapunguza injini za cc 750 zikawa chini kidogo ya 700, zikapita. Ujanja wa wafanyabiashara ni ule ule, iwe Tokyo au Kariakoo.

Kule Japani kwenyewe sheria nazo zilikuwa na lake. Tangu 1975 leseni ya kati inamruhusu mtu kuendesha hadi cc 400 tu, na pikipiki isiyozidi cc 250 haidaiwi ule ukaguzi wa serikali wa mara kwa mara ambao ni ghali. Matokeo yake viwanda vikatengeneza chopa ndogo nyingi za cc 250 na 400, Virago ikiwemo, kwa ajili ya vijana wa Kijapani waliotaka sura ya Kimarekani kwa mfuko wa kawaida. Kijana akipata familia anaiuza, ikipita mikono miwili mitatu inapandishwa melini. Ndiyo maana chopa za mtumba zinazoonekana Bongo aghalabu ni ndogo hizo. Unaona basi? Kipimo cha injini inayouzwa Kahama kiliamuliwa na karani wa leseni Tokyo.

Lakini wakati chopa moja moja zinashuka bandarini Dar kwa ajili ya watu wenye ubishoo wao, meli zingine zilileta kitu kikubwa zaidi. Katikati ya miaka ya 1970 Honda walibuni CG125, injini rahisi, ngumu, iliyokusudiwa kwa nchi zetu ambako mtu anapakia gunia na kusahau kubadilisha oili. Wachina wakaiiga, wakaizalisha kwa wingi usiohesabika. Miaka ya 2000 zikaingia SanLG na ndugu zake, kisha Boxer na TVS za Wahindi. Kwa mara ya kwanza kijana asiye na mradi, asiye na duara, akaweza kumiliki pikipiki mpya, au angalau kupewa na tajiri kwa mkataba wa kurejesha kila siku. Mwaka 2010 zikatoka kanuni za kuipa leseni pikipiki ya abiria. Yule wa baiskeli ya daladala akapata mshindani mwenye injini.

Sasa turudi Kahama kwenye chopa nyekundu.

Nilikwenda kuikagua na fundi ninayemwamini. Akaishika kama daktari. Akagusa injini kabla ya kuiwasha kuhakikisha ni ya baridi, maana muuzaji mjanja huipasha moto kabla hujafika. Ikawaka kwa mara ya pili, moshi mweupe kidogo, kisha safi. Akasikiliza silinda zote mbili, akaweka mkono karibu na ekzosi moja na nyingine kuona kama zinapumua sawa. Akaangalia cheni na sproketi, akaminya shokapu za mbele, akapitisha kidole kwenye mshono wa fremu chini ya tenki kutafuta ufa au rangi mpya. Akalinganisha namba ya chesisi na ya kwenye kadi, tarakimu kwa tarakimu. Akasema, "Injini nzima, mwandishi. Shida yako itakuwa tairi la nyuma na mawe."

Alikuwa na hoja. Tairi la nyuma la Virago ni la inchi 15, nene. Huku kila duka lina tairi za Boxer, hilo la 15 unaagiza Dar au Nairobi. Na mawe ni hivi: kiti kipo chini ya sentimita 70 kutoka ardhini, na tumbo nalo halijainuka. Kipande cha Kahama kwenda Kakola kwa miaka mingi kimekuwa changarawe na mashimo. Pale chopa inakwaruza tumbo kama mjusi. Ile Honda ya bwana shamba ingepita ikiimba.

Lakini hesabu yangu mimi ilikuwa nyingine. Kazi zangu nyingi ziko kwenye lami: mahakama na halmashauri, Shinyanga, Tinde, Kahama, Mwadui, Mwanza. Na tangu Juni 2025 lilipofunguliwa daraja la Kigongo–Busisi, lile la kilomita tatu lenye jina la Magufuli, huhitaji tena kusubiri kivuko kwenda Geita. Kwa mara ya kwanza katika historia ya kanda hii, chombo kilichobuniwa kwa barabara ya Marekani kina mahali pa kukanyaga. Leseni yangu ni daraja A, kwa hiyo cc zake hazinisumbui.

Kilichonisumbua kilikuwa mambo ya nani ni mwenye mali.

Kadi ilikuwa na jina la broka wa dhahabu wa Mwanza. Kabla ya Machi 2019, soko la madini lilipofunguliwa Geita na mengine kufuata, mabroka walinunua dhahabu majumbani na vichochoroni, na huyu alikuwa mmoja wao. Soko lilipokuja, biashara ya vichochoroni ikabana, akauza chopa yake kwa mchimbaji wa Kahama ambaye duara lake lilikuwa limetema. Huyo mchimbaji ndiye aliyekuwa ananiuzia mimi. Wana mkataba wa mauziano, ila uhamisho TRA haukufanyika. Jambo la kawaida sana huku, lakini ndilo linalowaweka watu ndani polisi wakisingiziwa wizi.

Nikiwa bado naangalia karatasi, akaja kijana mmoja, umri wangu hivi, akasalimia kwa adabu, akamgeukia muuzaji. "Bosi, ukimuuzia mwandishi, mimi fungu langu litatoka wapi?"

Muuzaji akakasirika kidogo. "Tutaongea baadaye."

"Miaka mitatu tunaongea baadaye, bosi."

Ikabidi niulize. Ikawa hivi. Duara lile walilichimba watu wanne. Kwa utaratibu wa machimbo madogo, mawe yakitoka yanagawanywa kwa viroba: mwenye leseni ana fungu lake, mwenye eneo lake, mwenye duara aliyetoa chakula na pampu lake, na wanaoshuka chini lao. Makubaliano ni ya mdomo. Kijana huyu alishuka miezi minane. Siku lilipotema, bosi wake alichukua viroba vyote kwenda kwenye karasha, wawili wakalipwa, yeye akaambiwa fungu lake limeingia kwenye chopa na ikiuzwa atapewa. Sasa bosi anataka kuiuza ili arudi kufungua duara jingine. Pesa ikishaingia ardhini, nani atamdai?

Bosi hakukana. Alisema tu, "Huyu ni mdogo wangu, nitamwangalia." Nadhani aliamini anachosema. Huku mtu anakuita mdogo wake kwa moyo mmoja na kukucheleweshea haki yako kwa moyo huo huo.

Wasomaji, nilifikiria sana usiku ule. Rafiki yangu mmoja aliniambia, "Acha uanaharakati. Wewe ni mnunuzi. Ugomvi wao wa duara unakuhusu nini?" Ni hoja halali. Kila kitu cha mtumba kina machozi ya mtu, ukianza kuulizia huvai hata shati. Lakini kumbuka lile nililokuomba ulishike: madini ya kanda hii yamekuwa yakipita juu kwa juu tangu enzi za Wajerumani. Tunapenda kuwasema wakoloni na kampuni za kigeni, na tuna haki ya kuwasema. Mimi mwenyewe nimeandika habari za aina hiyo. Lakini hapa hapakuwa na mzungu wala kampuni. Palikuwa na watu wawili waliolala turubai moja, na fungu la mmoja likageuka chuma chekundu chini ya mwingine. Nikilipa milioni nne kimya kimya nitakuwa nimelifuta fungu lile moja kwa moja, maana kabla ya hapo angalau alikuwa anaweza kuliona limeegeshwa.

Nikampigia bosi. Nikamwambia, "Kaka, pikipiki naitaka. Bei sipunguzi hata shilingi. Ila tuandikishane kwa mwenyekiti wa mtaa, na huyu bwana mdogo awemo, na fungu lake nimlipe mimi mkononi siku hiyo hiyo."

Akanyamaza. Akasema kuna mteja mwingine Katoro hana masharti. Nikamwambia sawa, mimi nipo. Siku nne sikusikia kitu, na sitawadanganya, nilikuwa nimeshaanza kuiaga. Siku ya tano akapiga mwenyewe: "Njoo na huyo mwenyekiti wako." Yule wa Katoro alikuwa ameuliza swali moja tu, kwa nini kadi si ya jina lake, akaondoka.

Tulikaa nusu siku. Kubishana fungu ni kiasi gani ndiko kulikochukua muda. Bosi alianza na laki tatu, kijana milioni moja na nusu, mwenyekiti akauliza viroba vilikuwa vingapi, kila mmoja akataja idadi yake. Wakakutana kwenye laki tisa. Mkataba ukaandikwa kwa mkono, nakala nne. Broka alikuja kutoka Mwanza na kitambulisho chake, tukafanya uhamisho, tukalipa ada na ushuru wa stempu. Kijana alizihesabu mara mbili, akasaini. Ndani ya karatasi ile kuna sentensi moja ninayoipenda: inasema fedha hizi ni "fungu lake la kazi ya duara". Mwenyekiti alisema hajawahi kuandika maneno hayo kabla.

Sasa chopa ni yangu. Inakwenda vizuri kwenye lami, watoto wa Tinde wanaishangilia, wazee wananiuliza kama nimepata dhahabu. Nikiwa na kazi Nyarugusu au Kakola naiacha nyumbani nakodi bodaboda, maana historia imenifundisha kila njia na chombo chake. Tairi la nyuma nimeshaanza kulitafuta kabla halijaisha.

Wanahistoria wetu wameandika juu ya pamba, ushirika, migodi na mikataba yake, na wamefanya kazi nzuri. Ombi langu ni kwamba tuanze kuandika na hizi karatasi ndogo: kadi, mikataba ya mauziano, nakala zilizokunjwa kwenye mifuko ya suruali. Kwa baiskeli ya 1958 tunabaki kubahatisha kama mkulima alilipwa kilo zake zote. Kwa chopa hii, atakayeinunua kwangu atapewa kadi, funguo mbili, na nakala ya mkataba ule. Asome mwenyewe nani alishuka chini.

Naomba kuwasilisha.